Europe, bendi ya roki ya Uswidi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupanda, kuporomoka na kurudi kwake

Europe ni akina nani?

Europe ni bendi ya roki iliyoanzishwa mwaka 1979 Upplands Väsby, mji mdogo ulio kaskazini ya Stockholm. Watu wengi wanaufahamu muziki wao bila kujua ni wa nani, kwa sababu kile kipande cha kinanda kinacholia kama tarumbeta za kifalme, ambacho hupigwa viwanjani timu zinapoingia na kwenye sherehe za mwaka mpya saa inapokaribia kugonga, ni mwanzo wa wimbo wao wa mwaka 1986, "The Final Countdown". Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji anayeujua wimbo huo na kudhani kwamba habari ya bendi iliishia hapo. Kabla ya kusambaratika, Europe walitoa albamu 5. Baada ya kurudi pamoja walitoa nyingine 6 kati ya mwaka 2004 na 2017.

Jina la bendi lina maana ya bara la Ulaya?

Neno ni hilohilo, lakini halikutoka kwenye ramani. Mwanzoni bendi iliitwa Force, na ilipobadilisha jina mwaka 1982 mwimbaji wake, Joey Tempest, alilitoa kwenye jalada la albamu ya Deep Purple, bendi ya roki nzito ya Uingereza, iliyorekodiwa jukwaani, "Made in Europe". Deep Purple ndio waliokuwa walimu wao wa mbali, na ni vyema kulikumbuka hilo unapofika kwenye majibu ya mwisho ya ukurasa huu.

Glamu metali ni muziki gani, na je, Europe walikuwa bendi ya aina hiyo kweli?

Glamu metali ni tawi la roki nzito lililotamba kati ya mwaka 1983 na 1991, na makao yake makuu yalikuwa Los Angeles, kwenye kumbi za barabara ya Sunset, ambako bendi kama Mötley Crüe, Ratt na Poison zilijijengea jina. Magitaa yake ni mazito, lakini viitikio vyake vimetungwa ili umati mzima uweze kuviimba, na karibu kila albamu ilikuwa na wimbo mmoja wa taratibu wa mapenzi uliolengwa redioni. Mavazi nayo yalikuwa sehemu ya kazi: nywele ndefu zilizotimuliwa kwa dawa hadi zikasimama, suruali za kubana, mitandio na vipodozi usoni. Televisheni ya MTV iliupenda sana muziki huu, kwa kuwa ulikuwa unatazamika kama ulivyokuwa unasikilizika.

Europe waliingizwa katika kundi hilo kwa sababu ya nywele zao, video zao na wakati wao, na mtu akizitazama picha zao za mwaka 1986 na 1987 hawezi kusema kwamba walionewa. Hata hivyo hawakuwa zao la Sunset. Hawakuimba habari za ulevi na anasa za usiku. Beti za Joey Tempest zilihusu safari, nyota, wapiganaji wa kale na mapenzi yaliyovunjika, na mizizi ya muziki wao ilikuwa bendi za Deep Purple, UFO na Thin Lizzy. Jibu langu, kwa hiyo, ni kwamba walikuwa bendi ya roki ya zamani iliyovaa nguo za glamu metali kwa muda wa miaka kama 6, na sehemu kubwa ya yaliyowapata baadaye, mema na mabaya, ilitokana na nguo hizo.

Walitokaje katika mji mdogo hadi kufikia mikataba ya kimataifa?

Mwaka 1982 kulikuwa na mashindano ya kitaifa ya bendi chipukizi yaliyoitwa Rock-SM. Kanda ya majaribio ya bendi ilipelekwa huko na mpenzi wa Joey Tempest. Bendi ikashinda, Tempest akachaguliwa kuwa mwimbaji bora na John Norum kuwa mpiga gitaa bora, na zawadi yenyewe ilikuwa mkataba wa kurekodi. Albamu ya kwanza, iliyobeba jina la bendi, ilitoka mwaka 1983, na wimbo wake "Seven Doors Hotel" ulipendwa hadi Japani. Ya pili, "Wings of Tomorrow", ilitoka mwaka 1984, na ndiyo iliyowavuta CBS, kampuni kubwa iliyowachukua na kuwaingiza katika lebo yake ya Epic.

Mwaka huohuo wa 1984 waliingia watu wawili waliokamilisha kikosi: mpiga kinanda Mic Michaeli na mpiga dramu Ian Haugland. Pamoja na Tempest, Norum na mpiga besi John Levén, wakawa watano. Msomaji ayashike majina hayo matano.

Wimbo wa "The Final Countdown" ulitungwaje?

Kile kipande cha kinanda ni kikongwe kuliko wimbo wenyewe. Tempest alikitunga mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwenye kinanda cha Korg Polysix alichokiazima kwa Michaeli, kisha akakiweka kando kwa miaka kadhaa, mpaka mwaka 1985 Levén alipomwambia akitungie wimbo. Maneno yaliongozwa na "Space Oddity" ya David Bowie, wimbo ambao Tempest aliupenda tangu utotoni: watu wanaiaga dunia na kuelekea Zuhura, wakiwa hawana hakika kama watarudi. Wimbo una urefu wa zaidi ya dakika 5, na nia ya mtunzi ilikuwa kuufanya uwe wa kufungulia maonyesho, yaani taa zinazimwa, tarumbeta za kinanda zinalia, bendi inaingia. Baadhi ya wanabendi walitaka "Rock the Night" ndio utangulie kutolewa kama singo, na John Norum, alipousikia mwanzo wa kinanda kwa mara ya kwanza, aliona kwamba haufai kabisa kutumiwa na bendi ya magitaa. Baadaye amekiri mwenyewe kwamba anashukuru hawakumsikiliza.

Albamu yenye jina hilohilo ilirekodiwa kwa sehemu kubwa katika studio za Powerplay, Uswisi, chini ya mtayarishaji Kevin Elson, Mmarekani aliyekuwa amefanya kazi na bendi ya Journey. Ilitoka Mei 1986. Anayeisikiliza kwa makini leo atagundua kwamba solo ya Norum katikati ya wimbo ule imejengwa kwa ustadi mkubwa, ina mwendo na ina hadithi yake, ingawa masikio ya watu wengi hukimbilia kinanda na kuipita.

Mafanikio yake yalikuwa makubwa kiasi gani?

Singo hiyo ilishika nafasi ya kwanza katika nchi 25. Nchini Uingereza ilikaa kileleni kwa wiki 2, na Marekani, soko ambalo bendi za Uswidi hazikuwa zikilipenya kwa muziki wa magitaa, ilifika nafasi ya 8. Kisha "Carrie", wimbo wa taratibu waliotunga Tempest na Michaeli, ukaipita kwa Marekani na kufika nafasi ya 3 mwaka 1987. Albamu yenyewe iliuza zaidi ya nakala milioni 3 nchini humo peke yake.

Kwa nini John Norum aliondoka wakati neema ndiyo kwanza imefunguka?

Hili ndilo swali linalowatatiza watu zaidi, na kwa mtazamo wangu ndilo kiini cha habari yote. Norum aliiacha bendi mwishoni mwa mwaka 1986, wakati wimbo ulikuwa juu ya chati za nusu ya dunia na ziara kubwa ilikuwa ikiendelea. Hakufukuzwa wala hakugombana kwa sababu ya fedha. Alikuwa na umri wa miaka 22, mpiga gitaa aliyelelewa na muziki wa Thin Lizzy na UFO, na alihisi kwamba vinanda vimelifunika gitaa, kwamba bendi inauzwa kwa sura za watu wake, na kwamba kazi yake sasa ni kupigwa picha za magazeti ya wasichana kuliko kupiga muziki.

Ni rahisi kumwita mpumbavu kijana anayeyaacha mafanikio kama hayo, lakini miaka iliyofuata ilionyesha kwamba aliliona tatizo kabla ya wenzake. Mwaka 1987 alitoa albamu yake binafsi, "Total Control", na mwaka 1990 alipiga gitaa katika albamu ya mwimbaji Mmarekani Don Dokken. Hakupata tena umaarufu wa kiwango kile, ila aliendelea kupiga gitaa alilolitaka, na uhusiano wake na Tempest, rafiki yake wa tangu ujana, haukukatika moja kwa moja.

Mbona anayepiga gitaa kwenye baadhi ya video si yule aliyerekodi?

Kwa sababu video ya "Carrie", kwa mfano, ilipigwa baada ya Norum kuondoka. Anayeonekana ni Kee Marcello, aliyetoka bendi ya Easy Action, lakini gitaa linalosikika ni la Norum. Marcello hakuwa kiraka. Alikuwa fundi halisi, mwenye vidole vyepesi na uzoefu kumzidi mwenzake, na albamu mbili zilizofuata zina alama yake waziwazi.

Kuporomoka kulianza lini? Ni kweli kwamba bendi ya Nirvana ndiyo iliyowamaliza?

Maelezo ya kuilaumu Nirvana yamezoeleka sana, na yana ukweli ndani yake. "Prisoners in Paradise", albamu ya tano ya Europe, ilitoka Septemba 1991, mwezi uleule ilipotoka "Nevermind" ya Nirvana, na katika muda wa miezi michache redio na televisheni za Marekani zilizigeukia bendi za mji wa Seattle kama Nirvana, zilizopanda jukwaani na mashati ya kawaida na huzuni ya kweli. Bendi iliyojulikana kwa nywele haikuwa na pa kusimama.

Hata hivyo dalili zilikuwepo kabla. "Out of This World" ya mwaka 1988, iliyotayarishwa na Ron Nevison, iliuza vizuri, na wimbo wake "Superstitious" ulifika nafasi ya 31 Marekani. Ni mafanikio ambayo bendi nyingi zingeyashangilia, ila kwa watu waliokuwa wametoka nafasi ya 3 yalisomeka kama kushuka. Kisha ikapita miaka 3 bila albamu mpya. Katika kipindi hicho waliandika nyimbo nyingi, nyingine nzito kuliko zote walizokuwa wamezitoa, lakini kampuni ilitaka nyimbo za redioni, na kadhaa kati ya zile zilizowekwa kando ziliishia kuzunguka mikononi mwa mashabiki kwa kanda zilizonakiliwa kienyeji. Aliyewahi kuzisikia hujiuliza bendi ingekuwa wapi kama ingeachwa ifuate mkondo wake.

Kwa hiyo Seattle ilifunga mlango uliokuwa umekwisha kurudishwa nusu. Wakubwa wa biashara ya muziki walikuwa wamezisajili bendi nyingi mno zinazofanana, wakazivalisha sare moja, na mvaaji wa kwanza na wa mwisho wakachokwa kwa pamoja. Europe walilipia makosa ambayo kwa sehemu tu yalikuwa yao.

Walivunjika rasmi?

Mwaka 1992, baada ya ziara, walipumzika, na mapumziko hayo yakadumu miaka 11. Hapakuwa na ugomvi wa hadharani wala kesi mahakamani, jambo ambalo ni nadra katika habari za bendi za kizazi kile, na ndilo lililorahisisha mambo baadaye.

Walifanya nini katika miaka hiyo?

Tempest alitoa albamu tatu za peke yake, mwaka 1995, 1997 na 2002, zenye utulivu na gitaa kavu, tofauti kabisa na alivyokuwa akifahamika. Michaeli, Levén na Haugland walirekodi pamoja na Glenn Hughes, aliyewahi kuwa mpiga besi na mwimbaji wa Deep Purple, katika albamu yake "From Now On..." ya mwaka 1994. Norum aliendelea na albamu zake. Ukiyatazama kwa pamoja, utaona kwamba kila mmoja alikwenda kuchota pale alipokuwa ameanzia.

Ni nini kilichotokea usiku wa kuamkia mwaka 2000?

Usiku wa tarehe 31 Desemba 1999 bendi ilikusanyika Stockholm kwa onyesho moja la kuaga mwaka, nje, katika baridi ya Uswidi. Norum na Marcello walisimama jukwaa moja, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea katika historia ya Europe. Kwa shabiki aliyebishana miaka 13 kuhusu nani kati yao ni bora, lilikuwa jibu zuri kuliko mabishano yote.

Wakati huohuo ilitolewa pia rekodi ya "The Final Countdown" iliyopigwa upya kwa midundo ya disko. Haikuwapendeza mashabiki, na siwezi kuitetea.

Walirudi rasmi lini, na akina nani?

Tangazo lilitolewa Oktoba 2003. Waliorudi ni wale watano wa mwaka 1986: Tempest, Norum, Levén, Michaeli na Haugland. Tangu hapo kikosi hicho hakijabadilika hata mtu mmoja, na kimekaa pamoja muda mrefu zaidi katika awamu hii ya pili kuliko bendi yote ilivyoishi katika ile ya kwanza. Onyesho kubwa la kurudi lilifanyika kiangazi cha mwaka 2004 katika tamasha la Sweden Rock.

Na Kee Marcello?

Hakuwemo, na ameendelea na shughuli zake za muziki. Wapo mashabiki wanaoumia kwa hilo, nami nawaelewa, kwa kuwa solo zake kwenye "Out of This World" ni za kuheshimiwa. Lakini Norum alikuwa mwanzilishi, na kurudi kwake kulikuwa na maana kubwa kuliko ufundi: aliyeondoka kwa sababu bendi ilikuwa imepoteza gitaa lake alirudi kwa sharti la wazi kwamba gitaa lirudi naye.

Albamu za baada ya kurudi zinafanana na zile za zamani?

Hazifanani, na huo ndio uamuzi ninaouheshimu kuliko wote waliowahi kuufanya. Bendi nyingi za kizazi chao zilipoungana tena zilikuja kuuza kumbukumbu: nyimbo 5 au 6 za zamani, wigi, na ziara ya kiangazi. Europe waliingia studio na kutoa "Start from the Dark" mwaka 2004, wakiwa na Kevin Elson yuleyule wa mwaka 1986, lakini nyuzi za magitaa zilikuwa zimelegezwa ili zitoe sauti nzito ya chini, na vinanda vilikuwa vimesogezwa nyuma kabisa. Wapo walioinunua wakitafuta tarumbeta na wakakasirika. Binafsi naona walikaza mno, kana kwamba walikuwa wakiomba radhi kwa kosa ambalo hawakulitenda, na "Secret Society" ya mwaka 2006 nayo ina ugumu huohuo. Lakini walihitaji kupita hapo.

Utulivu ulipatikana kwenye "Last Look at Eden" ya mwaka 2009, ambayo ina ukubwa wa sauti na vyombo vya nyuzi bila kuiga ya zamani. Mwaka 2012 ikaja "Bag of Bones", iliyotayarishwa na Kevin Shirley, iliyojaa bluzi, na ambayo katika wimbo unaobeba jina la albamu inaye mgeni, mpiga gitaa wa bluzi Joe Bonamassa. Kisha mtayarishaji Dave Cobb aliwasimamia katika "War of Kings" ya mwaka 2015 na "Walk the Earth" ya mwaka 2017, ya pili ikirekodiwa katika studio za Abbey Road, London. Hapo ndipo Michaeli, aliyekuwa amelaumiwa kwa vinanda vyake vya miaka ya 1980, alipewa ogani ya Hammond, aina ya kinanda cha umeme, na ikasikika wazi kwamba kinanda na gitaa havikuwa maadui hata siku moja. Walichokuwa wakikitafuta tangu utotoni, ule mngurumo wa Deep Purple, walikipata wakiwa na miaka zaidi ya 50. "Walk the Earth" iliwapatia tuzo ya Grammis ya Uswidi katika kundi la roki nzito na metali mwaka 2018.

Sauti ya Joey Tempest bado ipo?

Ipo, ila imeshuka na kupata ukwaru. Zile noti za juu za mwaka 1984 hazifiki kama zamani, na amezitungia nyimbo mpya sauti aliyonayo sasa badala ya kuigiza aliyokuwa nayo. Jukwaani bado anaichezea stendi ya maikrofoni kama kijana.

Je, bado wanaupiga "The Final Countdown"?

Kila onyesho, na mara nyingi mwishoni. Baada ya kurudi hawakuukana wimbo huo, wala hawakukubali uwatawale. Mwaka 2015 walikubali hata kuupiga kwenye tangazo la televisheni la kampuni ya bima ya Marekani, wakiwa ndani ya chumba cha chakula cha ofisi, mbele ya mfanyakazi anayepasha chakula chake kwenye maikrowevu. Mwaka uliofuata, albamu ya 1986 ilipotimiza miaka 30, walifanya ziara ambayo waliipiga nzima, lakini kabla yake walipiga "War of Kings" nzima vilevile. Aliyekata tiketi kwa ajili ya wimbo mmoja alilazimika kwanza kuisikiliza bendi kama ilivyo sasa.

Nianze na albamu ipi?

Kama unaujua wimbo mmoja tu, anza na "Wings of Tomorrow", kwa sababu utawasikia kabla ya umaarufu, wakiwa vijana wenye njaa, na gitaa la Norum likiwa mbele. Fuatisha "The Final Countdown" kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kuruka, hasa "Cherokee" inayofungua upande wa pili. Kisha ruka miaka yote hadi "Last Look at Eden" na "War of Kings". "Out of This World" isikilize baadaye, usiku, kwa ajili ya Marcello. "Start from the Dark" iache iwe ya mwisho. Utaielewa vizuri zaidi ukishajua walikuwa wanatoka wapi na wanaelekea wapi.